Ufunguo wa Marehemu Stovall

Flint, Michigan
12 Juni 2006

Dada Ozella,

Keti kwanza. Kama unasoma barua hii umesimama jikoni na mwiko mkononi, uweke mwiko chini.

Nimenunua gari. Tena si la kukufikisha dukani na kukurudisha. Ni Regalia ya mwaka 1990, lile refu, rangi ya divai, viti vya ngozi nyeupe kama maziwa, na kila abiria ana taa yake ndogo ya kusomea. Unajua mimi magari hayahaya nimeyafungia vitasa vya milango miaka thelathini na moja pale kiwandani, kitasa baada ya kitasa, halafu jioni napanda basi kurudi nyumbani. Sasa moja limerudi kwangu. Lilikuwa la mzee mmoja wa hapa, Delmar Stovall, Mungu amrehemu, aliyelitunza kama yai. Mjane wake amehamia Tucson kwa binti yake, ameniuzia kwa kuandikiana tu. Liliwasili Alhamisi. Liko mbele ya nyumba, na majirani wakipita wanapunguza mwendo.

Kwa hiyo mwambie shemasi: Jumapili ya Marejeo, tarehe 13 Agosti, aniwekee nafasi ubavuni mwa kanisa, pamoja na watu wa Chicago na Detroit. Na binamu Erskine mwambie afute miwani.

Mdogo wako,
Leotha Gaddis


Tallow Creek, Mississippi
18 Juni 2006

Mdogo wangu Leotha,

Nilikuwa nimeshaketi, kwa hiyo ushauri wako ulichelewa. Umefanya vizuri kuandika. Siku hizi nikiweka simu sikioni, kile kifaa cha kusikilizia kinapiga filimbi kama refa.

Hongera. Sitasema zaidi, maana nikisema zaidi utadhani nimefurahi.

Jumapili ile unaijua mwenyewe. Waliokwenda Kaskazini kutafuta kazi wanarudi, kila mmoja anamkalisha mkubwa wa familia yake kiti cha mbele, wanazunguka kanisa mara moja, polepole, kioo kimeshushwa. Sisi wengine tunasimama kando na kupunga zile pepeo za karatasi wanazotugawia watu wa kampuni ya mazishi. Nimepunga tangu mwaka 1954. Mama alipunga mpaka akafa. Mwaka aliokuja Erskine na gari lake la kwanza kutoka Chicago, mama yake ameketi ndani kama malkia, Mama yetu alikuwa amesimama na sinia la kuku wa kukaanga. Akasema, "Watoto wa dada yangu wana heshima." Kuku walipoa mikononi mwake.

Mimi usinihesabu. Magoti yangu hayataki kupanda wala kushuka. Wewe njoo, mwonyeshe Erskine, inatosha. Tangu arudi kuishi huku hanipi nafasi. Jana ameniambia pale posta, "Ozella, huyo mdogo wako amekuja hapa mara kumi na moja, na mara kumi na moja ameshukia stendi ya basi. Mtu akishazoea tiketi haachi." Nikamwambia, "Erskine, hata hilo lako la Chicago lilikuja likinguruma, likaondoka likivutwa kwa mnyororo." Akanunua stempu zake akaondoka.

Lakini kuna jambo. Umeniandikia rangi, umeniandikia ngozi, umeniandikia taa. Kisha ukaandika kwamba gari "liliwasili." Gari haliwasili, Leotha. Mtu ndiye huwasili nalo.

Linakwendaje?

Dada yako,
Ozella Gaddis Purvis


Flint, Michigan
23 Juni 2006

Kwa Bi Earlene Stovall, Tucson

Bi Earlene,

Natumai joto la huko linawaachia nafasi ya kupumua. Gari lilifika salama mgongoni mwa lori, milango imefungwa, na kadi yake yenye sahihi yako ninayo. Uliandika kwamba ufunguo ungenifuata kwa posta. Nimesubiri siku kumi na tano, na mtu wa posta ameanza kupita upande wa pili wa barabara.

Nisingekusumbua, ila nina safari mwezi Agosti ambayo siwezi kuiahirisha. Kama uliutia kwenye bahasha ukasahau kubandika stempu, niambie tu. Hata mimi hufanya hivyo.

Kwa heshima,
Leotha Gaddis


Tucson, Arizona
28 Juni 2006

Bwana Gaddis,

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimeona haya zaidi.

Nilidhani ufunguo umo kwenye bakuli la kioo lililokuwa juu ya friji, na kwamba nikifungua masanduku nitauona. Masanduku yote nimefungua. Bakuli nimelipata. Ndani mlikuwa na vifungo vya shati na njugu moja. Hapo ndipo nilipokumbuka, nikakaa palepale sakafuni, binti yangu akadhani nimeanguka.

Ufunguo uko mfukoni mwa Delmar. Suti ya kijivu, mfuko wa ndani, kushoto. Aliniambia mwenyewe hospitalini: "Earlene, unizike na ufunguo wangu. Sitaki kufika kule ng'ambo wakadhani nimekuja kwa basi." Nilicheka, lakini siku ya kumuaga niliutia, maana mume wangu hakuwa mtu wa kuomba vitu. Nilikuwa nalia, Bwana Gaddis. Haikunipitia akilini kwamba gari lenyewe linabaki huku juu.

Ufunguo wa pili aliudondosha mtoni akivua samaki. Nilimsihi achongeshe mwingine. Akasema mtu mwenye funguo mbili hauamini hata mmoja.

Ukitaka tuvunje biashara, niandikie neno moja, nitakurudishia chako chote bila swali. Kuna njia moja tu ya kuupata ule wa kwanza, nayo naamini huwezi kuniomba.

Earlene Stovall


Flint, Michigan
4 Julai 2006

Bi Earlene,

Hatuvunji. Na marehemu tumwache na ufunguo wake. Aliuomba, akapewa, ni wake. Mimi nitatafuta wangu.

Leotha Gaddis


Flint, Michigan
5 Julai 2006

Dada Ozella,

Unauliza linakwendaje. Nikuambie hivi: mtaa huu wote hakuna gari linalotulia barabarani kama hili. Kelele halina, hata ukisimama karibu. Petroli ndiyo usiseme. Tangu lifike halijanywa hata tone la ziada. Kila jioni naketi barazani nalitazama, na moyo wangu unajaa.

Nimefikiri jambo. Kutoka hapa mpaka kwenu ni zaidi ya maili mia tisa, na barabara za huko unazijua. Huenda mwaka huu nikatangulia kwa basi, gari nikalileta mwakani, likiwa limepumzika vizuri.

Mdogo wako,
Leotha


Tallow Creek, Mississippi
11 Julai 2006

Leotha,

Nilikulea, usisahau. Ulipokuwa na miaka sita ulivunja sahani ya Mama yenye maua. Nikakuuliza, ukasema, "Dada, sahani zote zilizoko kabatini ni nzima." Nilikwenda kabatini. Ni kweli, zilikuwa nzima zote. Vipande vilikuwa chini ya nyumba, umevifunika kwa kopo.

Barua yako nimeisoma kwa jicho lilelile. Linatulia barabarani. Halina kelele. Halinywi petroli. Unaketi barazani na kulitazama. Mwanamume mwenye gari zima halitazami akiwa barazani, hulitembeza mpaka watu wamchoke. Gari lako haliwaki. Sema.

Na mimi niseme langu, maana si haki nikuvue nguo mimi nimevaa koti. Nilikuandikia usinihesabu. Kesho yake, kabla barua haijatoka, nilikwenda mjini Meridian nikanunua kofia. Ni ya samawati, ina ukingo mpana. Nimechukua utepe nikapima mlango wa gari la mchungaji: kofia inapita nikiinamisha kichwa kidogo. Mlango wa Regalia siujui. Nipimie.

Tena kila asubuhi nashika meza ya jikoni, naketi na kusimama kwenye kiti mara ishirini. Magoti yanalalamika, lakini yanatii. Mchungaji alinikuta nikifanya hivyo, akauliza kama nasali. Nikamwambia, "Ndiyo, kwa njia yangu."

Novemba natimiza miaka themanini. Hiyo "mwakani" yako ni neno la watu wenye magoti. Nataka kuketi kiti cha mbele mwaka huu, Leotha. Haya, nimeandika, nimemaliza. Neno basi usinitajie.

Ozella


Flint, Michigan
16 Julai 2006

Dada,

Vipande viko chini ya nyumba. Nisamehe.

Gari halina ufunguo. Tangu lije sijaketi ndani hata mara moja. Hizo taa nilizokuandikia niliziona kwa kubandika uso kwenye kioo. Miaka thelathini na moja nafunga vitasa, na kimojawapo kimenifungia nje. Nakutumia humu barua ya mjane, usome mwenyewe, usije ukasema natunga.

Nilianzia duka la kampuni. Kijana wa kaunta alitazama kompyuta, akanitazama mimi, akasema, "Mzee, gari hili limenizidi umri."

Nikamwambia, "Hata soksi zangu zimekuzidi umri. Nipe ufunguo."

Akasema namba ya ufunguo huo haimo tena kwenye kumbukumbu zao. Kilichobaki ni kung'oa swichi, vitasa na ubongo wake wote, kuweka vingine, kama vitapatikana, na hiyo ni wiki nane kwa uchache. Wiki nane, Dada, ni katikati ya Septemba.

Hosea wa nyumba ya pili akaja na bisibisi. "Mzee Gaddis, nipe dakika mbili nivunje hapo chini ya usukani, nikuunganishie waya." Nikamwambia, "Hosea, nikifika kanisani kwa dada yangu nyaya zinaning'inia kama utumbo wa kuku, utakuja kunisemea wewe?" Akaenda, lakini bisibisi bado anatembea nayo.

Sasa nimempata mtu. Anaitwa Wanda Piekarski, mama wa miaka sitini hivi, fundi wa funguo tangu kwa baba yake, mashine yake ya kuchongea imo ndani ya gari lake la kazi. Neno lake la kwanza halikuwa habari za asubuhi. Lilikuwa, "Kadi na kitambulisho. Hata ungekuwa askofu." Nikampa. Akalizunguka gari mara mbili, kidole kinapita kwenye mlango. "Nani alifunga vitasa hivi?" Nikasema, huenda ni mimi. "Ulivifunga vizuri mno," akasema, kama mtu anayetoa lawama.

Amenieleza tatizo. Ufunguo wa gari hili si meno tu. Kwenye shina lake kuna kidonge cheusi, kidogo kama mbegu ya papai, na gari linakipima kabla ya kuwaka. Vipo vya aina kumi na tano. Ukitia kisicho chake, gari linanuna dakika nne nzima. Hata ukileta cha kweli, halikusikii mpaka hasira ziishe. Meno anaweza kuyasoma kwenye kitasa cha mlango. Kidonge ni kujaribu kimoja kimoja. Nikapiga hesabu, nikamwambia, "Kumbe ni saa moja tu!" Akasema, "Mzee, usinihesabie kazi yangu."

Anakuja Jumamosi. Mimi nitakuwa mazishini kwa Buford wa idara ya rangi, lakini amesema hanihitaji.

Leotha


(Imeandikwa nyuma ya karatasi ya kazi, imekutwa chini ya kifuta kioo)

22 Julai 2006

Bwana Gaddis,

Milango imefunguka. Meno nimeyasoma na kuyachonga, ufunguo unaingia na kuzunguka. Betri uliyonunua nimeifunga. Vidonge vyote kumi na vitano nimejaribu, nikingoja dakika nne kila mara. Gari limekataa vyote. Jambo hili halijanitokea miaka thelathini na minane.

Usiguse kitu. Jirani mwenye bisibisi naye asiguse. Amekuja mara tatu kuniuliza kama nataka msaada. Ufunguo wa milango uko kwenye sanduku lako la barua.

Naenda kwa wajukuu mpaka tarehe 6. Nitafikiri.

W. Piekarski


Flint, Michigan
23 Julai 2006

Dada Ozella,

Kumi na vitano, na vyote vimekataliwa. Karatasi ya fundi ndiyo hiyo, nimekunakilia upande wa pili.

Jana nilipotoka mazishini niliketi ndani kwa mara ya kwanza. Viti ni laini kuliko nilivyokuandikia. Nikazungusha ufunguo. Taa za dashibodi zikawaka zote, nzuri kama mji ukiutazama kutoka juu, halafu kimya. Nilikaa nikiwa na suti ya mazishi mpaka Hosea akaja kugonga kioo kuuliza kama mimi ni mzima.

Mlango nimeupima. Kofia itapita, na huna haja ya kuinama.

Dada, nimenunua tiketi. Nafika Ijumaa tarehe 11, saa kumi jioni, stendi ileile. Erskine mwache aseme. Nitakushika mkono tuzunguke kanisa kwa miguu, kama magoti yatakubali.

Mdogo wako,
Leotha


Tallow Creek, Mississippi
27 Julai 2006

Kwa Bi Earlene Stovall, Tucson

Bi Earlene,

Hunijui. Mimi ni dada yake Leotha Gaddis aliyenunua gari la mume wako. Anwani yako nimeiona juu ya barua uliyomwandikia, naye alinitumia bila ruhusa yako, kwa hiyo tugawane hasira, nusu kwake na nusu kwangu. Kuhusu ufunguo ulioutia mfukoni, sina la kulaumu. Mimi mume wangu nilimzika na meno ya bandia ya kaka yake. Tulikuja kugundua jioni, kaka mtu alipotaka kula.

Fundi wa Flint ni hodari lakini amegonga mwamba. Ufunguo unazunguka, gari halimkubali. Leotha amekata tamaa amenunua tiketi ya basi, na tiketi hiyo siitaki, nitakuambia kwa nini siku nyingine, wewe elewa tu kwamba nimenunua kofia.

Nakuuliza kama mke. Jiko langu nimekuwa nalo miaka ishirini na sita. Mgeni akilijaribu halishiki, atamaliza kiberiti. Mimi najua: unalisukuma kwa nyonga upande wa kushoto, halafu unawasha. Sijamwandikia mtu jambo hilo, na nikifa leo wataliita bovu. Gari la mtu mmoja nalo ni hivyo. Bwana Stovall alikuwa akiliwashaje? Usiniambie "kwa ufunguo." Funga macho umwone ameketi. Mikono iko wapi, miguu iko wapi, alikuwa akinung'unika nini?

Mjibu Leotha moja kwa moja, tusipoteze siku. Siku zenyewe zimebaki kumi na saba.

Ozella Gaddis Purvis


Tucson, Arizona
31 Julai 2006

Bwana Gaddis,

Dada yako ameniambia nifunge macho. Nimefunga, nikamwona, na nimelia kidogo, lakini kilio kizuri.

Delmar alikuwa na kitambi. Usukani wa gari lile hupanda na kushuka, naye kabla ya kuingia alikuwa akiupandisha mpaka juu kabisa, akiketi anaushusha. Kuingia na kutoka, kila siku ya Mungu, miaka kumi na tano. Halafu miaka ya mwisho akaanza mtindo mpya: anaketi, anauacha usukani uko juu, anausukuma kwa goti la kulia mpaka mwisho, ndipo anawasha. Likishawaka anaushusha. Nilimuuliza, "Delmar, kwa nini unalipiga gari goti?" Akasema, "Earlene, gari la heshima huamkiwa kwa goti." Nami nikaamini, maana kila alichosema kuhusu gari lile niliamini.

Sijui kama jambo hilo lina maana yoyote kwa fundi.

Earlene Stovall


Flint, Michigan
8 Agosti 2006

DADA!

Naandika herufi kubwa kwa sababu siwezi kupiga kelele kwenye karatasi.

Barua ya Bi Earlene ilifika Ijumaa. Sikugusa kitu, nilikaa juu ya mikono yangu mpaka Wanda aliporudi. Jana asubuhi nikamsomea pale barabarani. Nilipofika kwenye goti akaninyamazisha kwa mkono. Akavuta sigara yake, akaizima, akasema, "Mimi ni mjinga." Nikasema, "Hapana, mama." Akasema, "Usinibishie, mzee, leo nina furaha."

Kumbe ujumbe wa kile kidonge unapita kwenye nyaya mbili nyembamba kama unywele, zimo ndani ya shina la usukani. Marehemu alivyoupandisha na kuushusha kwa ajili ya kitambi, miaka nenda miaka rudi, waya mmoja ulikatika ndani ya ganda lake, bila kuonekana kwa nje. Usukani ukiwa juu kabisa na goti limekaza, ncha zinagusana. Ukishuka, zinaachana. Wanda alijaribu vidonge vyote kumi na vitano usukani uko chini. Gari halikumkatalia, Dada. Lilikuwa halimsikii.

Akaniambia, "Una goti?" Nikasema, ninalo moja la uhakika. Nikaketi, nikapandisha usukani, nikausukuma kama alivyosema mjane. Wanda yuko kiti cha abiria na vidonge vyake kwenye kisahani. Cha kwanza, hapana. Dakika nne. Goti linatetemeka. Cha pili, hapana. Hapo Hosea ameshaleta kiti chake cha kukunja, na mama wa nyumba ya kona ameleta maji baridi ya limau. Wanda anakula mkate wake wa soseji na kunisimulia wajukuu. Cha tano, hapana. Cha nane, hapana. "Mzee, ukishusha goti hilo tunaanza upya." "Mama, goti hili ni la familia, halishuki."

Cha kumi na moja. Akazungusha.

Dada Ozella, liliguna mara moja, kama mzee aliyeamshwa kanisani, halafu likanguruma. Likanguruma! Mtaa mzima ulipiga makofi. Hosea akasimama juu ya kiti, "Nilisema tangu mwanzo ni usukani!" Wanda akamwambia, "Wewe ulisema bisibisi."

Nikataka kuondoka saa ileile. Akanishika mkono wa shati. "Siwezi kukuachia uende maili mia tisa kwa goti." Akafungua shina la usukani, akaziunganisha zile nyaya kwa kuzilehemu, akaniambia nipandishe, nishushe, nipandishe, nishushe. Kila pahali linawaka. Kisha akanichongea funguo zenye kidonge cha kumi na moja.

Tiketi nimeirudisha. Mama wa dirishani akauliza, "Sababu ya kurudisha?" Nikamwambia, "Andika: anakwenda na gari lake."

Naondoka Alhamisi alfajiri. Barua hii nadhani itanitangulia, lakini si kwa mbali.

Leotha


Tallow Creek, Mississippi
20 Agosti 2006

Mdogo wangu Leotha,

Umefika salama, umenipigia simu, nimesikia filimbi na katikati yake neno "salama." Limenitosha.

Nakuandikia kwa sababu wewe ulikuwa umeshika usukani na macho yako mbele, kama inavyotakiwa. Kuna mambo hukuyaona.

Hukuona shemasi alivyolipokea gari pale lango la kanisa. Alikuwa na orodha yake ya kutangaza, anasema jina la mtu na mji. Akasema, "Gaddis, wa Flint," kwa sauti ya kawaida. Halafu akaliona gari likigeuka, jua limepiga ile rangi ya divai, akarudia upya kwa sauti nyingine kabisa.

Hukuona watu walivyosimama. Nilijua pepeo zile zinavyoonekana ukiwa nje. Sikujua zinavyoonekana ukiwa ndani. Zinafanya upepo, Leotha. Miaka hamsini na miwili napunga, sikuwahi kujua kwamba upepo unafika kwa aliyeketi. Ukingo wa kofia ulitikisika mara kwa mara, na sikuushika.

Na hukumsikia Erskine, maana alikuja upande wangu. Akainama dirishani akasema, "Gari zuri, Ozella. Ila ni la zamani."

Nikamwambia, "Na mimi ni wa zamani, Erskine. Tazama tunavyokwenda."

Akacheka, lazima nimpe haki yake. Akavua kofia. Baadaye nilimwona amesimama peke yake nyuma ya gari, ameweka kiganja juu ya buti, kwa upole, kama mtu anayempapasa farasi wa jirani.

Bi Earlene nimemwandikia kila kitu. Amejibu kwamba barua hiyo ameisoma kwa sauti mezani, na binti yake anataka kujua kofia niliinunua wapi.

Sasa kuna jambo la mwisho, na nalisema kwa kalamu kwa sababu usoni mwako nisingeweza. Desturi ni mzunguko mmoja. Tulipoumaliza nikakuambia, "Tena," ukaelewa kwamba ni kwa ajili ya Mama, nikakuona unavyofuta jicho kwa kifundo cha mkono. Ulielewa sawasawa. Wa pili ulikuwa wa Mama.

Lakini tulipofika tena kwenye ngazi, kwaya imeshaimba ubeti uleule mara tatu, mchungaji yuko mlangoni na Biblia kifuani anatungoja, na nikakuambia, "Leotha, usisimame," ule wa tatu haukuwa wa mtu yeyote. Sina sababu ya kukupa. Niliutaka, basi, na gari lilikuwa linakwenda.

Dada yako,
Ozella